Simu Yangu Imegeuka Zahanati ya Kijiji

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kyerwa, katika kijiji ambacho sitakitaja kwa sababu utakazoziona. Mwaka jana binti yangu anayesoma chuo Dodoma alikuja likizo akaniwekea kwenye simu programu ya akili mnemba, ile unayoiuliza kwa Kiswahili ikakujibu kama mtu. Nilikuwa naitumia kuandaa maazimio ya kazi na mitihani ya darasa la sita, basi.

Wakati wa masika mke wa jirani, mjamzito wa miezi minane, alilalamika kichwa kinamgonga, anaona vimulimuli, na uso ulikuwa umevimba. Mumewe alikuwa anatoka kwenda kununua Panadol. Niliandika dalili zile kwenye simu, ikajibu kwamba apelekwe hospitali siku ileile. Tulikodi gari linalobeba ndizi. Hospitalini walikuta presha iko juu sana, wakamfanyia upasuaji. Yeye na mtoto ni wazima, na mtoto amepewa jina langu.

Tangu hapo sina jioni. Nikirudi shuleni nakuta watu wamekaa barazani: homa, taifodi, vidonda vya tumbo, presha, kisukari, mtoto mwenye vipele ambavyo mama yake anataka nivipige picha. Bibi zetu hueleza kwa Runyambo, nageuza Kiswahili, naandika, nawasomea jibu. Mzee mmoja ameacha vidonge vya presha kwa kuwa simu ilisema kupunguza chumvi husaidia. Mama mmoja alinipa kadi yake ya CTC, kliniki ya VVU, niipige picha tuulize kama dawa zake zinagombana na sindano ya uzazi wa mpango. Niliipiga.

Sasa mwenye duka la dawa muhimu pale sokoni anataka nikae dukani kwake siku za gulio. Nisome simu, yeye auze, nami nipate chochote. Mshahara wa mwalimu unaujua.

Mke wangu hataki. Anasema siku simu ikikosea, simu haitahama kijiji, tutahama sisi. Naomba unisaidie. Je, ninawasaidia watu au ninajitafutia balaa? Niende dukani? Na nikiamua kuacha, nitawaambia nini watu ambao hawana daktari mwingine karibu?

Mwalimu, Kyerwa

*

Mwalimu, hongera kwa kupata wajina.

Nianze na majibu, sababu zifuate. Kazi ya dukani ikatae. Simu usiifute. Ila kuanzia leo iendeshwe kwa kanuni moja ambayo hata mtoto wa darasa la pili ataikariri: simu ikimwambia mgonjwa aende kituoni, aende, ikimwambia abaki nyumbani, neno lake lisihesabike.

Utauliza kwa nini niiamini upande mmoja na kuikataa upande wa pili, na mashine ni ileile. Ni kwa sababu makosa yake hayalingani bei. Ikikosea kwa kumpeleka mtu zahanati bila sababu, amepoteza nauli ya bodaboda na nusu siku ya kupalilia maharage. Najua kwa mtu wa Businde au Bugomora nauli hiyo si kitu kidogo wakati kahawa bado iko mtini. Lakini ikikosea kwa kumbakiza nyumbani mjamzito mwenye presha kali, hakuna msimu wa kahawa utakaolipa hasara hiyo. Wakulima wenu wanaijua hesabu hii. Tangu 2019 kuna programu iitwayo Tumaini, inayotazama picha ya mgomba na kukisia ugonjwa, ukiwemo mnyauko ulioitesa Kagera. Ikikosea, unang'oa shina na kusubiri kupanda upya. Mke wa jirani yako hapandwi upya.

Sasa tugawane sifa za siku ile kwa haki. Kichwa kuuma sana, kuona vimulimuli na kuvimba uso kwa mjamzito ni dalili za hatari ambazo wauguzi huwafundisha wajawazito kliniki. Simu ilizitambua kwa sababu zimeandikwa mara nyingi mno duniani. Ilifanya jambo moja la maana: ilimgeuza mume aliyekuwa njiani kwenda kununua Panadol. Kazi ya kuokoa ilifanywa na kipimo cha presha, dawa, chumba cha upasuaji na watu waliosomea kazi hiyo. Ukikaa ukiamini kwamba simu ndiyo iliyookoa, utaiamini pia siku itakaposema "apumzike, atapata nafuu".

Na siku nyingine ya namna hiyo msihangaike kutafuta gari la ndizi. Pigeni 115, ni bure. Huo ni mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022 kwa ajili ya wajawazito, waliotoka kujifungua na watoto wachanga. Anayepokea simu huuliza maswali, programu humsaidia kuona mgonjwa apelekwe kituo gani, na gari la wagonjwa likiwa mbali huitwa dereva wa jamii ambaye hulipwa na mfumo wenyewe. Hapo pia kuna mashine, lakini nyuma yake kuna mtu wa zamu, dereva na kituo kinachosubiri. Iandike namba hiyo kwa chaki juu ya mlango wa baraza lako, iwe jambo la kwanza mgeni analosoma.

Inafaa pia ujue kifaa ulichoshika kinafanya kazi vipi. Programu za maongezi zimesomeshwa maandishi mengi mno, sehemu kubwa ya Kiingereza na ya nchi za mbali, zikajifunza neno gani hufuata neno gani. Ndiyo maana jibu lake hunyooka hata linapokuwa la uongo. Tabibu asiyejua husita, humpima mgonjwa tena, huandika rufaa. Programu yako mara nyingi haisiti, na sauti yake ni ileile ikiwa imepatia au imekosea. Haijashika paji la uso wa mtoto. Haijapima presha wala kutoa tone la damu. Inachopata ni maelezo ya bibi kwa Runyambo, yaliyopita kwenye Kiswahili chako, yakaenda kulinganishwa na vitabu vilivyoandikwa kwa lugha ya tatu, na kila hatua huacha kitu njiani.

Chukua homa, ambayo bila shaka ndiyo inayojaza baraza lako. Machi 2023 serikali ilitangaza ugonjwa wa kuambukiza wa Marburg wilayani Bukoba, mara ya kwanza kwa Tanzania. Watu 6 walifariki, mhudumu wa afya akiwa miongoni mwao. Januari 2025 ugonjwa ulirudi Kagera, safari hii Biharamulo, ukaua watu 10. Siku zake za mwanzo Marburg ni homa, kichwa na mwili kuuma, mambo ambayo kila mtu wa kwenu angeyaita malaria. Mgonjwa akikueleza hayo, simu itasema huenda ni malaria, na mara nyingi sana itakuwa imepatia. Lakini mlipuko haugunduliwi kwa jibu la mgonjwa mmoja. Hugunduliwa pale wagonjwa wanapoandikwa kwenye vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za wagonjwa za kituo, mganga mfawidhi akaona watu wa nyumba moja wanafuatana kwa homa isiyosikia dawa, akampigia Mganga Mkuu wa Wilaya. Homa inayoishia barazani kwako haimo kitabuni. Hilo linanitisha kuliko jibu moja baya: kadiri unavyokuwa mashuhuri, ndivyo wilaya inavyozidi kukosa habari za ugonjwa wake yenyewe. Na wewe unayewapokea wote bila hata glavu, pamoja na mkeo anayewapa maji ya kunywa, mtakuwa wa kwanza kuambukizwa.

Hata malaria yenyewe ya upande wenu ina mambo yake. Mwaka 2022 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na wenzao waliwafuatilia watoto waliotibiwa malaria wilayani Karagwe. Walithibitisha kwamba baadhi ya vimelea vimebeba badiliko liitwalo R561H, ambalo liliripotiwa mapema ng'ambo ya mto Kagera, Rwanda, na ambalo huvifanya vichelewe kufa kwa dawa ya artemisinini. Dawa mseto ziliendelea kuponya karibu watoto wote, kwa hiyo asitokee mtu wa kuacha dozi kwa ajili ya barua hii. Ninachosema ni kwamba kwenu mtoto mwenye homa siku ya tatu ya dawa arudishwe kituoni akapimwe upya, asisomewe simu. Programu haijui kama umesimama Kyerwa au Kibaha mpaka uiambie, na ukishaiambia, huna njia ya kujua ilisoma nini kuhusu Kyerwa na lini.

Nisieleweke kwamba naikataa akili mnemba. Ningekuwa naikataa ningekwambia ufute programu na kulala. Tazama yanayofanyika. Nairobi, kampuni ya kliniki iitwayo Penda Health iliweka kwenye kompyuta za matabibu wake programu inayosoma wanayoandika kuhusu mgonjwa na kuwasha taa: kijani endelea, njano fikiri, nyekundu simama utazame tena. Matokeo yaliyotolewa 2025, kutoka mahudhurio 39,849 katika kliniki 15, yalionyesha kwamba matabibu wenye msaada huo walifanya makosa ya kutambua ugonjwa pungufu kwa asilimia 16, na makosa ya tiba pungufu kwa asilimia 13, kuliko wenzao wasiokuwa nao. Na taa peke yake haikutosha. Mwanzoni baadhi ya matabibu waliipuuza nyekundu, ikabidi wakae nao na kuwafundisha.

Hapa kwetu, vituo 40 vya Morogoro na Mbeya viliingia katika utafiti wa programu ya ePOCT+, iliyowekwa kwenye tableti. Nusu viliitumia, nusu havikuitumia. Hii haibuni maneno kama ya kwako. Ni mpangilio wa maswali ulioandikwa na madaktari, unaomwongoza mhudumu hatua kwa hatua kwa mtoto mgonjwa. Vituo ambavyo havikuwa nayo viliwapa antibayotiki watoto wapatao 70 katika kila 100. Vilivyokuwa nayo viliwapa wapatao 23, na watoto wao hawakudhoofika zaidi. Pima hilo dhidi ya mazoea ya kwetu ya kumpa kila mtoto anayekohoa amoksilini. Nako kwenye kifua kikuu, Shirika la Afya Duniani liliridhia mwaka 2021 kwamba kompyuta inaweza kusoma picha za eksirei za kifua za watu wa miaka 15 na kuendelea, kuchuja nani akapimwe makohozi. Kwa wilaya yenye wachimbaji wa bati wanaovuta vumbi la miamba, hilo ni jambo la kudai lije.

Ukiyaangalia yote matatu utaona yanafanana kwa mambo ambayo baraza lako halina. Mashine imekaa kando ya mtu aliyesomea. Mtu huyo ana vipimo mkononi. Na kabla ya kusifiwa ilipimwa kwa watu wengi, makosa yake yakahesabiwa. Ya kwako imesifiwa kwa mgonjwa mmoja. Wale wengine ambao walisomewa jibu wakaenda zao, umewafuatilia? Yule mzee wa presha, leo yuko ngapi juu ya ngapi?

Liko pia suala la mwenye mali. Ng'ambo ya mto Kagera, Rwanda walikuwa na huduma iliyoitwa Babyl, ya kampuni ya Uingereza. Kuanzia 2016 wananchi walijiandikisha kwa simu, wakazungumza na wauguzi na madaktari, wakapokea namba ya kwenda kuchukulia dawa, na kampuni ikaleta akili mnemba isaidie kuchuja wagonjwa. Waliojiandikisha walizidi milioni 2. Mwaka 2023 kampuni mama iliporomoka kifedha, na huduma ya Rwanda ikafungwa. Kosa halikuwa la wagonjwa wala la wauguzi. Wahenga walionya tusiache mbachao kwa msala upitao. Zahanati yenu, pamoja na foleni yake na siku zake za kukosa dawa, ndiyo itakayokuwepo baada ya mwenye programu kubadili bei, kubadili masharti au kufilisika.

Sasa kadi ya CTC. Ifute picha hiyo leo, kwenye simu na kwenye maongezi ya programu, kisha umwambie mwenyewe kwamba umeifuta. Ulichokiandika au kukipiga picha hapo hakibaki kwako. Kinasafiri hadi kompyuta za kampuni, nje ya nchi, na hujui kinahifadhiwa hadi lini wala nani anakisoma. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti zinazohitaji ridhaa yake. Sheria hiyohiyo inampa mtu haki ya kupinga uamuzi mzito juu yake uliofanywa na mashine peke yake. Lakini wewe huhitaji kusomewa sheria. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani kwenu mwaka 1983. Kagera inajua maana ya nyumba kunyooshewa kidole. Yule mama aliuliza swali zuri kabisa, kwa maana zipo dawa zinazopunguzana nguvu. Mwenye kulijibu ni muuguzi wa CTC anayejua anatumia dawa gani na amezitumia tangu lini. Na usisahau masikio ya karibu zaidi kuliko ya kampuni: wale waliokaa barazani wakisubiri zamu yao wakati unamsomea jibu kwa sauti.

Picha za vipele nazo acha. Programu nyingi za ngozi zilijifunzia kwenye picha za watu weupe, na kipele chekundu kwenye vitabu vyao hakina wekundu huo kwenye ngozi ya mtoto wa Kinyambo. Hata vyombo vya hospitali vimeshikwa na kasoro hii. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kifaa cha kidoleni cha kupimia oksijeni kilishindwa kuona upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi kuliko kwa weupe. Na mwaka 2019 nchini humohumo iligundulika kwamba programu iliyotumika kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi zaidi ilipima ugonjwa kwa gharama za matibabu. Watu weusi walikuwa wametumiwa fedha kidogo, basi ikawaona wazima. Hakuna aliyeiagiza ibague. Ilisoma daftari la dunia kama lilivyo. Nawe ujiulize, mtu wa Kyerwa ambaye maisha yake yote amekwenda hospitali mara mbili yumo kwenye daftari gani?

Nirudi dukani. Duka la dawa muhimu lina kibali cha Baraza la Famasi, na muuzaji wake amefundishwa dawa gani auze na zipi asiguse. Anachokitaka kwako ni kitu ambacho kibali chake hakimpi: mtu wa kutaja ugonjwa ili yeye ataje bei. Malipo yako yatatoka kwenye mauzo. Hapo kila jibu la simu litaishia kwenye kiroba cha vidonge, hata pale ambapo jibu sahihi lilikuwa maji ya kunywa na usingizi. Usugu wa dawa utakuwa umeuzwa kwa sauti ya mwalimu wanayemwamini. Tena kuwapima na kuwaandikia watu dawa bila usajili ni kosa la kisheria, na utetezi wa "simu ilisema" sijui hakimu atauandika wapi.

Na hapa namuunga mkono mkeo moja kwa moja. Tabibu akikosea, kuna Baraza la Madaktari linalomwita. Muuguzi ana baraza lake, na muuza dawa ana la kwake. Programu yako imeshajiondoa mapema: isome vizuri, utakuta mahali imeandika kwamba majibu yake si ushauri wa daktari. Shirika la Afya Duniani, katika misingi sita ya maadili iliyotoa mwaka 2021 kuhusu akili mnemba na afya, lilitaka awepo daima binadamu wa kuwajibika. Kwenye baraza lako binadamu huyo ni mmoja tu, nawe umeshaweka jina lako hadi kwa mtoto wa jirani.

Umeniuliza pia utawaambia nini watu wasio na daktari. Kwanza, usijidanganye kwamba wanakuja kwa sababu ya mashine peke yake. Wanakuja kwa sababu kwako wanakaa kwenye kiti, wanaeleza mpaka wanamaliza, na hakuna anayewafokea kwamba wamechelewa. Kituoni huenda walipanga foleni tangu asubuhi, wakapewa dakika mbili na karatasi isiyosomeka. Hilo ni lalamiko la haki, na mahali pake ni kwenye kamati ya zahanati na mkutano wa kijiji. Wewe unayejua kuandika muhtasari, lipeleke huko: siku ambazo mhudumu hakuwepo, dawa zilizokosekana, umbali. Ukilipoza kwa simu yako, serikali ya kijiji itaona mambo yanakwenda.

Pili, hamisha meza yako kutoka barazani ipeleke zahanati. Mwone mganga mfawidhi, mweleze yote bila kuficha, hata kadi ya CTC, na umwombe saa moja kwa wiki. Mtafute pia mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji chenu. Mpango wa taifa uliozinduliwa Januari 2024 ulikusudia kuwapata 137,294 katika miaka mitano, na kama kwenu bado hajafika, muulizieni kwa mtendaji. Huyo ameruhusiwa kufika majumbani na anajua kuandika rufaa. Simu yako ikiwa chini ya macho ya watu hawa wawili, ina kazi nzuri nyingi. Inaweza kumsaidia mgonjwa kupanga maswali matatu ya kumuuliza tabibu kabla hajasahau. Inaweza kukusaidia kueleza kwa Kiswahili chepesi, nawe kwa Runyambo, kwa nini kisukari humezewa dawa hata siku mtu anajisikia mzima, na mfawidhi akahakiki maelezo hayo kabla hayajasomwa. Inaweza kuandaa somo la afya la darasa la sita. Mkipata nafasi, mwombeni daktari wa wilaya ayaeleze haya kwenye redio ya jamii kama FADECO hapo Karagwe, maana nina hakika simu yako si ya pekee kati ya Kayanga na Murongo.

Tatu, yapo mambo ambayo simu haiulizwi kabisa, kwa kuwa kuuliza ni kuchelewa. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au asiyeamka. Mjamzito anayetoka damu, anayeumwa kichwa kikali au ambaye mtoto ameacha kucheza tumboni. Mtu anayehema kwa shida. Mtu mwenye homa anayetoka damu sehemu yoyote. Huyo msimguse ovyo, pigeni simu kituoni mpate maelekezo. Hao wengine wanaanza safari kwanza.

Nne, usimwanzishie mtu dawa, usimwachishe, usimbadilishie kipimo cha dozi. Swali la namna hiyo likija, jibu lako ni moja: "Nenda na kidonge chako mkononi kamuulize aliyekupa." Na anayekuja na swali lolote lingine, usiandike jina lake, kijiji chake, namba yake wala "mke wa fulani". Kwenu "mke wa fulani" ni jina kamili.

Wapo watakaokasirika. Watasema umenunuliwa na zahanati, au umepata majivuno. Waambie ukweli kwa maneno machache: simu hii haiwezi kupima, haiwezi kuugua na ninyi, na ikikosea haitakuja msibani. Nitawasaidia kufika kwa anayeweza. Anayetaka kusindikizwa Jumamosi, nitamsindikiza.

Kabla ya yote hayo, jioni ya leo, kabla hujafungua baraza, nenda nyumbani kwa yule mzee. Chumvi apunguze, simu haikudanganya hapo. Kosa ni kudhani chumvi na vidonge ni kimoja au kingine. Wakati mwingine presha haiumi mpaka siku inapopasua mshipa, na siku hiyo hakuna wa kuuliza simu. Usimwambie aanze kumeza vidonge tena kwa kipimo unachokijua wewe. Mpeleke kesho asubuhi akapimwe, walimu wenzako watakushikia vipindi viwili. Ukirudi, mpitie mwenye duka umpe jibu lake ukiwa na mkeo, ili asije akakushawishi ukiwa peke yako.

Kisha niandikie tena. Nitataka kujua presha ya mzee ilisoma ngapi.

Mshauri wako